Usipoziba Ufa, Utamkuta Mwana si Wako

Kijana akisema mbele ya watu kwamba usipoziba ufa utamkuta mwana si wako, wengi watacheka na mmoja atakunja uso. Huyo mmoja ndiye ninayezungumza naye leo. Namheshimu, kwa kuwa mara nyingi ni mwalimu, mtangazaji, mhariri au mzee aliyekipenda Kiswahili maisha yake yote. Lakini hukumu anayoitoa, kwamba kukoroga methali kwa mzaha ni kuiharibu lugha, imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayemdai ushahidi. Imeingia madarasani, imeingia katika vipindi vya lugha redioni, imeingia hata katika vikao vya familia, na kila inapoingia kuna mtu anayefunga mdomo. Naipinga yote, kuanzia msingi wake hadi adhabu zake.

Tuiweke kwanza kama wenyewe wanavyoiweka. Wanasema methali ni amana: wahenga waliyapima maneno yake mpaka hakuna linaloweza kuondolewa, na anayelibadilisha moja amevunja kilichochukua vizazi kukijenga. Wanasema mtoto akiisikia iliyopinda kabla ya iliyonyooka, ataiandika iliyopinda kwenye mtihani. Wanasema anayekoroga ama hajui, ama anajua na anadharau, na yote mawili ni mabaya. Siku hizi wameongeza hoja ya heshima ya lugha mbele ya mataifa. SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, UNESCO ikakitengea tarehe 7 Julai kwa azimio la 2021, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipokea kuwa lugha rasmi ya kazi. Lugha inayotazamwa hivyo, wanasema, haina nafasi ya mchezo. Hizo ndizo hoja zao. Hakuna hata moja iliyotolewa kwa nia mbaya, na hakuna hata moja inayosimama.

1. Kwamba methali ina umbo moja

Wakubwa wakigombana, ni nani anayeziumiza nyasi? Ukimuuliza mtu aliyelelewa na "wapiganapo tembo nyasi huumia", atakujibu tembo. Jirani yake atakujibu fahali wawili, na ataapa kwamba ndivyo alivyosema babu yake. Tembo ni wa porini na fahali ni wa zizini. Ni picha mbili za maisha mawili tofauti, na mahali fulani, zamani, kuna mtu aliyemtoa mnyama mmoja akamweka mwingine. Hakuna anayemtafuta mtu huyo ili amshtaki. Mfa maji naye, kwa wengine haachi kutapatapa, kwa wengine haishi kutapatapa, na kwa wengine hukamata maji. Anayekula mbivu ni mvumilivu kwa huyu na mstahimilivu kwa yule. Kila mmoja anaitetea yake kuwa ndiyo ya wahenga, na wote wanasema kweli, maana wahenga walikuwa wengi.

Mkono ulioandika nao ulibadilisha. William Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyeishi Mombasa, alichapisha mkusanyiko wake African Aphorisms mwaka 1891, na lugha iliyomo ni Kimvita cha watu aliowasikiliza. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika mji huohuo wa Mombasa ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kulisimamia jambo hilo. Tangu hapo, methali ya Mvita au ya Lamu ilipoingia katika kitabu cha shule ilinyooshwa: mato yakawa macho, nti ikawa nchi. Mizani iliyumba mahali, vina vikapotea mahali, na methali ikaendelea kuitwa ya wahenga. Badiliko lililofanywa na ofisi likaitwa usanifishaji. Badiliko linalofanywa na kijana wa kijiweni linaitwa uharibifu. Anayezishika hukumu hizi mbili kwa pamoja ana deni la maelezo kwetu, na sijawahi kumsikia akililipa.

Kuna jambo zito zaidi. Methali zetu zinapingana zenyewe kwa zenyewe. Haraka haraka haina baraka, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Penye wazee haliharibiki neno, lakini wapishi wengi huharibu mchuzi. Hekima, basi, haikukaa ndani ya sentensi peke yake ikisubiri kukaririwa. Imo kwa anayezungumza: kwa jinsi anavyoitazama hali iliyo mbele yake, akachagua. Na anayesema "penye wazee hauharibiki mchuzi" amechagua pia. Amezishika methali mbili zinazogombana, akazisuluhisha kwa maneno manne, na mzee anayesikiliza anajua amesifiwa na kuonywa kwa wakati mmoja.

2. Kwamba anayekoroga hajui

Hoja hii ndiyo inayoniudhi kuliko zote, kwa sababu kweli iko upande wa pili kabisa. Asiyeijua methali hawezi kuikoroga kwa mzaha. Anaweza kuikosea, na kukosea ni jambo jingine: anayekosea anautafuta mkia sahihi, anapotea njiani. Anayekoroga anaujua mkia, anajua kwamba na wewe unaujua, na mzaha wake wote umesimama juu ya ujuzi huo mlio nao pamoja. Mweleze mgeni asiyejua Kiswahili kwa nini watu wamecheka uone kama utafika popote.

Tazama kazi yenyewe inavyofanyika. Methali zetu nyingi zina vipande viwili. Cha kwanza hutaja mtu au jambo: mtaka cha mvunguni, asiyesikia la mkuu, mtumai cha ndugu, haba na haba. Cha pili hutoa masharti au matokeo: sharti ainame, huvunjika guu, hufa maskini, hujaza kibaba. Na tumezoea kugawana vipande hivyo. Mzungumzaji hutaja kichwa, umati huitikia mkia. Mshenga hufanya hivyo, mhubiri hufanya hivyo, mgombea jukwaani hufanya hivyo. Sikio likishapewa kichwa limekwisha kuanza kusubiri. Mkoroga methali huingia hapo penye kusubiri, akaleta mkia wa methali nyingine.

Lakini si kila mkia unaingia. Kiambishi hu- cha mazoea hakibebi upatanisho wa ngeli, kwa hiyo mkia ulioanza na huvunjika, hufa, hula au hushuka unakubali karibu kichwa chochote. Ndiyo maana "mtaka cha mvunguni hufa maskini" inapita bila kukwaruza ulimi, na "mgeni siku mbili, ya tatu huvunjika guu" inapita pia, nayo inamtia mgeni wasiwasi unaomstahili. Mkia wa "haina baraka" una ngeli yake. Unaikubali haraka, unaikubali haba na haba, haumkubali mpanda ngazi. Hutamsikia mtani akisema "mpanda ngazi haina baraka", maana hapo mzaha umekufa na kilichobaki ni kosa la sarufi. Vijana wanaofanya hivi vijiweni wanazipanga ngeli papo hapo, bila kalamu, huku wenzao wakiwasubiri, na hawakosei. Halafu mtu anasimama na kusema hawajui lugha.

Zaidi ya sarufi, kuna maana. Mkorogo mzuri huzaa maana ambayo methali zote mbili hazikuwa nayo zilipokuwa peke yake. Rudi kwenye ile ya ufa. Methali ya kwanza inamwonya anayeahirisha ukarabati. Ya pili inamwonya anayechelewa mpaka mwana amekuwa wa mwingine. Zimekutana kwa kuwa zote mbili zinamsema anayeahirisha. Zikishaunganishwa, ufa si wa ukuta tena. Mwanamume anayepuuza ugomvi mdogo nyumbani kwake anaelewa mara moja anaambiwa nini, na anaambiwa kwa namna ambayo inamruhusu acheke kwanza kabla ya kuumia.

Nilikuwa katika kikao cha harusi Tabata, Dar es Salaam. Ahadi zilikuwa nyingi na fedha zilikuwa chache. Kila mjumbe alileta elfu kumi leo, akaahidi nyingine wiki ijayo, na ukumbi ulitakiwa ulipwe. Mweka hazina, mama mmoja wa sauti ya upole, alifunga daftari akasema: "Ndugu zangu, haba na haba haina baraka." Chumba kizima kikaangua kicheko, kisha simu zikatoka mifukoni na watu wakaanza kutuma. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akamwambia, "Mama, maneno ya wahenga hayachezewi hivyo." Mama akajibu, "Samahani, mzee wangu." Kuanzia hapo alisoma hesabu tu, hakusema neno jingine mpaka kikao kinafungwa.

Mama yule aliijua methali ya haba na haba kuliko sote tuliokuwamo. Aliijua vya kutosha kutambua kwamba usiku ule ilikuwa inatudanganya: tulikuwa tukijificha nyuma yake, tukijiambia kwamba elfu kumi kumi zitajaza kibaba, wakati tarehe ya harusi haisubiri. Kama angetumia methali iliyonyooka, ya ngoja ngoja kwa mfano, ingekuwa lawama, na lawama ingeleta kununa. Alichokifanya kilitoa fedha bila kumlaumu yeyote. Mzee alikirekebisha, na kwa marekebisho yake kikao kikapoteza sauti ya mtu aliyekuwa na akili kuliko wote mezani. Gharama hiyo haimo katika daftari la walinzi wa lugha. Nataka iandikwe.

3. Kwamba ni dharau kwa wazee

Dharau inajulikana kwa sauti na kwa macho. Haihitaji methali iliyokorogwa. Na wanaosema hivi wamesahau kwamba kwetu utani una kanuni, una watu wake na una mahali pake. Bibi na mjukuu wana ruhusa ya kutaniana ambayo mzazi na mtoto hawana. Watani wa jadi, kama Wanyamwezi na Wazaramo, wana ruhusa ya kusemana hata msibani, na mfiwa hawezi kukasirika. Katika utani huo maneno ya wahenga yamekuwa yakipinduliwa miaka yote, na aliyekuwa wa kwanza kuyapindua, katika nyumba nyingi, ni bibi mwenyewe. Mtoto anayekoroga methali leo ameirithi kazi hiyo pamoja na methali zake.

Itazameni kanga. Mombasa, duka la Kaderdina Hajee Essak limekuwa likiuza kanga tangu 1887, na "Mali ya Abdulla" inajulikana pwani nzima. Jina la kanga mara ni methali kamili, mara ni nusu ya methali, mara ni methali iliyoongezwa kipande ili imfikie jirani au mke mwenza. Mwanamke huvaa nusu, akamwachia anayehusika aijaze nusu nyingine moyoni. Hakuna baraza la lugha lililowahi kuzichoma kanga hizo, na sisi sote tunazipeleka kwenye harusi tukijivuna.

Na nenda darasani. Mwalimu yuleyule anayemkemea mwanafunzi kwa kukoroga methali, kipindi kinachofuata anafundisha uhuru wa mshairi. Anaandika ubaoni inkisari, kufupisha neno; mazida, kulirefusha; tabdila, kulibadilisha; na kuboronga sarufi, kuupindua mpangilio wa sentensi. Anawaeleza wanafunzi kwamba malenga hufanya haya kwa ufundi ili shairi litimize mizani na vina. Anasema kweli. Sasa nami namuuliza: malenga akilivunja neno ili mshororo utimie ni fundi, na mwendesha bodaboda akiivunja methali ili hoja yake ifike ni mharibifu, tofauti iko wapi? Sioni tofauti katika kitendo. Naiona katika cheo cha mtendaji. Hasira hii huwaangukia wanawake wa vikaoni, vijana wa stendi, wauzaji wa sokoni na watoto, na ninashuku kwamba kinacholindwa hapa ni nafasi ya anayeruhusiwa kusema, na lugha imekuwa kisingizio chake.

4. Mkorogo ambao hakuna anayeukemea

Nikubali kwamba upo mchanganyiko wa picha unaoiumiza lugha. Umo magazetini, umo katika hotuba, umo katika taarifa za wizara, na unasemwa kwa uso mkavu kabisa. Wimbi la rushwa limeota mizizi. Donda ndugu hili tulivalie njuga. Mkono wa sheria utachukua mkondo wake. Sentensi za namna hii tunazisikia asubuhi na jioni, na walinzi wa methali hawashtuki. Mawimbi hayaoti mizizi. Njuga huvaliwa miguuni kwenda ngomani, na aliye na donda ndugu haendi kuchezewa ngoma, anapelekwa hospitali. Mkono hauna mkondo. Aliyeandika hakuviona vitu alivyovitaja, na sisi tuliosoma hatukuviona pia, kwa sababu picha hizo zimekwisha kufa na tunazipitia kwa mazoea.

Hapa ndipo madhara yalipo. Rushwa ikiitwa wimbi, hakuna aliyeileta. Mawimbi huja na upepo. Ikiota mizizi, hakuna aliyeipanda wala aliyeimwagilia. Picha zimekorogwa, na ndani ya mkorogo huo mhusika amepotea. Mwishoni mwa 2015 Rais John Magufuli alileta lugha ya kutumbua majipu, na ilikuwa na nguvu kwa sababu ilikuwa picha moja tu na kila mtu aliiona: usaha, sindano, maumivu, mwili wa nchi. Ilipofika vinywani mwa wakubwa wengine ikaanza kuchanganywa, tukaambiwa kuna majipu yaliyoota mizizi ambayo lazima yafyekwe. Jipu likawa mti, sindano ikawa panga, na aliyekuwa akisikiliza akaacha kuona chochote. Ni nani aliyelalamika kwamba Kiswahili kinaharibiwa?

Linganisha na mtu anayekoroga kwa makusudi. Raila Odinga alizoea kuendesha mikutano ya kampeni nchini Kenya kwa vitendawili na kwa kuigiza utangazaji wa mpira, na mwaka 2017 akaongeza safari ya kwenda Kanaani, yeye akiwa Yoshua. Uwanja wa mpira na Agano la Kale havikai pamoja mahali pengine popote. Uipende siasa yake au usiipende, umati ulijua kila wakati ni nani golikipa, ni nani refa na ni nani Farao. Picha zilichanganywa na mtu anayeziona, kwa watu wanaoziona. Aliyeamka anapochanganya, huwaamsha wengine. Aliyelala anapochanganya, huwalaza. Nasikitika kwamba tunampa kalamu nyekundu wa kwanza na kumpa kipaza sauti wa pili.

5. Kwamba dunia inatutazama

Hoja hii ni fupi na jibu lake ni fupi. Mwaka 1982 mwanazuoni wa methali Wolfgang Mieder alizipa methali zilizopinduliwa jina lake la kitaaluma kwa Kijerumani, Antisprichwort, na tangu hapo zimekusanywa na kuchunguzwa katika lugha nyingi. Wajerumani na Waingereza wanazipindua zao magazetini, katika matangazo ya biashara na katika tamthilia, na hakuna aliyetangaza msiba wa Kijerumani wala wa Kiingereza.

Upo upande mwingine wa dunia ambao hatuufikirii: watu wetu wenyewe. Walio wengi kati ya wanaozungumza Kiswahili leo walianza na lugha nyingine nyumbani, Kisukuma, Kihaya, Kikamba, Kirundi, Kinande. Kwao methali ni kitu walichokutana nacho shuleni, pamoja na fimbo. Wanapoingia mjini wanazungumza Kiswahili vizuri, lakini methali wanaiogopa. Mbele ya watu wa pwani hawaithubutu, wasije wakachekwa. Mzaha wa kukoroga ndio mlango wao wa kuingilia, kwa kuwa humo kosa na ufundi vinakaribiana, na mtu anaweza kujaribu bila kuaibika. Tukiufunga mlango huo, tutabaki na lugha ya watu milioni nyingi ambayo sehemu yake tamu inazungumzwa na wachache.

6. Kwamba mtoto ataandika iliyopinda

Nimeiacha hoja hii mwisho kwa kuwa ndiyo inayowagusa wazazi. Kenya, mtihani wa KCSE una karatasi nzima ya insha ya Kiswahili, na mara nyingi mtahiniwa hupewa methali atunge kisa kinachodhihirisha maana yake. KCPE nayo, kwa miaka yake yote kuanzia 1985 hadi ilipofutwa baada ya 2023, iliwafunza watoto wa darasa la nane kwamba methali ni kitu cha kupatia alama. Alama zina uzito katika maisha ya mtoto. Hofu ya mzazi ni ya haki.

Lakini ni shule yenyewe iliyomfundisha mtoto kuzitenganisha methali na maana zake. Fungua kitabu chochote cha mazoezi cha shule ya msingi uende kwenye zoezi la "kamilisha methali". Kichwa kimetolewa: asiyesikia la mkuu. Chini yake kuna majibu manne, na matatu kati yake ni mikia ya methali nyingine. Mtunzi wa zoezi amekoroga methali tatu kwa mkono wake mwenyewe, akaziweka mbele ya mtoto, na anachokitaka ni herufi moja yenye duara. Mtoto hatakiwi kujua kwa nini hizo tatu hazifai. Hatakiwi hata kujua kwa nini ile moja inafaa. Anatakiwa akumbuke.

Anachokumbuka mara nyingi hakielewi. Haba na haba hujaza kibaba: kibaba ni kipimo cha nafaka, vinne vyake hufanya pishi moja, na mtoto wa leo anayenunua unga kwa kilo dukani hajawahi kukiona. Dau la mnyonge haliendi joshi: waulize wanafunzi wa bara ambao hawajapanda chombo cha tanga maana ya joshi. Watakuandikia methali nzima bila kukosea herufi, na hawajui chombo kimefanywa nini na upepo. Huo ndio uharibifu ninaouogopa. Methali imehifadhiwa kikamilifu, na ndani yake hamna mtu.

Wanasema mtoto hawezi kutofautisha mzaha na mtihani. Watoto hawa hawa hutofautisha lugha ya uwanjani na lugha ya ofisi ya mwalimu mkuu. Hubadilisha salamu wakikutana na babu, wakasema shikamoo, na wakikutana na rafiki wakasema mambo. Anayetofautisha hayo hashindwi kutofautisha kijiwe na karatasi ya mtihani. Anayeshindwa ni yule ambaye methali iliyonyooka hakuwahi kufundishwa vizuri, na huyo angeshindwa hata kama nchi nzima ingeacha utani kesho.

Kwa hiyo nawataka walimu wajaribu jambo moja darasani. Lile zoezi la kamilisha methali liacheni lilivyo, na yale majibu matatu yaliyo makosa pia. Badala ya kuomba herufi, mwambieni mwanafunzi achukue kila mkia usio wake, auweke kwenye kichwa alichopewa, aeleze kinatokea nini. "Asiyesikia la mkuu haina baraka": atakayesema kwamba haiingii kwa sababu ya ngeli, amejibu sarufi. "Asiyesikia la mkuu hujaza kibaba": atakayesema inaingia lakini haina maana, amejibu fasihi, na atakayeitafutia maana akaipata, akasema labda ni mtoto mkaidi anayekusanya adhabu zake kidogo kidogo, huyo mwacheni aendelee kuzungumza mpaka kengele ilie. Atakayenyamaza amejulikana kwamba alikuwa amekariri, na mwalimu wake amejua pa kuanzia kipindi kijacho.